Dagaa Wasichukue Nafasi ya Maziwa ya Ndama

Asimamaye Mbwera, katika delta ya Mto Rufiji, huona samaki na kamba wengi kuliko ng'ombe. Kwa miaka mingi mbung'o walizuia mifugo kuenea bondeni humo. Lakini wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu mwaka 2006 na 2007, mifugo iliongezeka Rufiji. Hivyo swali hili lafaa kuulizwa: je, dagaa waliosagwa hawawezi kumlea ndama, ili maziwa yote yauzwe?

Jibu langu ni hapana, angalau kwa majuma 3 ya kwanza. Ndama mchanga hacheui. Tumbo lake la kwanza halijakomaa, na maziwa anyonyayo hupita moja kwa moja hadi tumbo la nne. Humo kimeng'enya huigandisha kaseini, protini kuu ya maziwa, nayo humeng'enywa polepole. Protini ya samaki au ya soya haigandi hivyo, na ndama wa umri huo hana uwezo wa kuivunja vema. Isitoshe, soya mbichi ina viini vizuiavyo umeng'enyaji. Joto huvipunguza, lakini ndama mchanga bado aweza kuhara, na kuhara humwua kwa kumkausha maji mwilini.

Sisemi kwamba dagaa hawana thamani. Wakikaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini bora. Lakini wakianikwa chini hubeba mchanga, na chumvi nyingi humdhuru ndama. Tena ni kitoweo cha watoto wetu. Mahali pao ni katika mchanganyiko wa pumba, kwa kiasi kidogo, ndama anapokuwa amezoea kula majani.

Basi tufanye hesabu. Ndama apewe dang'a katika saa 6 za kwanza, kwa kuwa kinga yake hutoka humo. Kisha ndama wa kilo 30 apewe lita 3 za maziwa kwa siku. Kwa siku 21 ni lita 63. Akikua akatoa lita 7 kwa siku, atalilipa deni hilo kwa siku 9. Ndama aliyekufa halipi kitu.

Nao watengenezaji wa maziwa mbadala hawana budi kuandika mfukoni chanzo cha protini, si kiasi chake tu. Asilimia 20 itokayo katika maziwa si sawa na asilimia 20 itokayo katika soya. Tofauti hiyo tumbo la ndama laijua.