Kidole Gumba Kisizikwe



Msimu ukikaribia, sote hushughulika kufyeka chini ya mikarafuu, kutengeneza majamvi na kutafuta wachumaji. Safari hii twaomba tufikiri na habari ya kidole gumba.

Mchumaji asiye na gumba atavunjaje kishada, na huku mkono wa pili umeshika tawi? Mchambuaji atazitengaje karafuu na makonyo? Matabibu hukadiria kwamba gumba peke yake huchukua kiasi cha sehemu 40 katika 100 za kazi ya mkono. Na mchumaji hulipwa kwa pishi. Asiyeweza kuchuma hana pishi.

Panga likiteleza, wengi wetu tumezoea kumfunga mtu kitambaa, kumpa pole, na kile kipande kukizika. Twasema basi, yamekwisha. Sisi twaona desturi hii haifai, kwani hayajakwisha.

Mwaka 1965, huko Nara, Japani, matabibu Komatsu na Tamai walikirudisha mahali pake kidole gumba kilichokatika kabisa. Waliiunga mishipa midogo mno ya damu, wakitazama kwa darubini. Mwaka 1968, East Grinstead, Uingereza, tabibu John Cobbett alihamisha kidole kikubwa cha mguu kikawa gumba la mkono. Pengine kidole cha shahada ndicho huhamishwa kikafanya kazi ya gumba. Basi hata aliyepoteza gumba lake zamani asikate tamaa kabla ya kuuliza.

Wako watakaosema mambo hayo ni ya mbali, nasi tuko dagoni. Ni kweli, si kila hospitali ina darubini ile na mjuzi wake. Lakini kuamua ni kazi ya tabibu, si yetu, na kipande kilichokwisha zikwa hakimwachii la kuamua.

Yafaa kila mwenye shamba ajue haya. Jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe. Lisitiwe majivu, wala mafuta ya taa, wala udongo. Kinachoning'inia kisikatwe. Kipande kilichokatika kizungushiwe kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika chombo kidogo kikavu chenye kifuniko kisichopitisha maji, na chombo hicho kiwekwe ndani ya maji yenye barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu wala kisiloweshwe majini. Kidole kilichopozwa vyema huweza kusubiri hata saa 24. Kikiachwa katika joto, muda huo hupungua sana. Basi safari ianze papo hapo, mtu na kidole chake pamoja.

Rai yetu ni mbili. Kwanza, kila dago liwe na vitambaa safi na vyombo hivyo kabla ya kishada cha kwanza kuvunjwa, na ijulikane mapema barafu itapatikana wapi. Pili, chama kitenge fungu la nauli ya majeruhi, wala nauli hiyo isikatwe katika pishi za mchumaji. Twaomba jambo hili liletwe katika mkutano ujao.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hata vinne, bila ya gumba, havimvunji.