Goa Ilitoa Jina; Sisi Tutatoa Nini?

Najua umezoea kukuta katika jarida hili insha za nidhamu, mitihani na mazingira. Leo naomba nizungumze juu ya muziki, tena ule ambao wazee wetu wakiusikia huziba masikio: muziki wa mashine. Ule wa dum, dum, dum, unaotikisa vioo vya matatu hata ukifika mjini kifua bado kinapiga.

Wanaoulaumu muziki huu huleta mashtaka mawili. La kwanza, ati hauna mizizi. La pili, ati ni muziki wa wavivu: mtu hubonyeza kidude, mashine ikajipigia. Maoni yangu ni kwamba mashtaka yote mawili ni ya uongo. Tena kuna kosa la tatu ambalo hakuna anayelitaja, nalo ndilo kubwa. Sisi tunaucheza muziki huu usiku kucha, lakini hatujui kuutengeneza. Ili nieleweke, nitakupeleka mbali kidogo, mpaka Goa, kisha nikurudishe hapa nyumbani.

Goa ni jimbo dogo la magharibi mwa Uhindi, kando ya bahari, lililotawaliwa na Wareno hadi Disemba 1961. Usidhani ni pageni kwetu. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Nairobi mwaka 1965, wazazi wake walikuwa Wagoa. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, baba yake alikuwa Mgoa. Basi tunapotaja Goa, tunamtaja jirani wa ng'ambo ya maji.

Mwishoni mwa miaka ya 60, vijana wa Ulaya na Marekani waliochoshwa na maisha ya kwao, wale walioitwa mahipi, walianza kupiga kambi katika fukwe za Goa, hasa Anjuna. Walikesha wakicheza usiku wa mwezi mpevu. Mwanzoni ilikuwa magitaa, lakini katika miaka ya 80 madijei wao wakageukia muziki wa elektroniki. Walichukua nyimbo za Ulaya, wakakata sehemu za kuimba na kuunganisha sehemu za mapigo tupu, ili mchezaji asikatizwe na maneno. Santuri zilipinda kwa joto la pwani, kwa hiyo walitumia kanda. Kufikia miaka ya 90 muziki huo ulikuwa umepata jina lake: Goa trance. Mimi nitauita transi ya Goa.

Transi ni nini? Ni ile hali ya mtu kuzama katika ngoma hata akawa kama hayupo. Mmoja wa madijei mashuhuri wa Anjuna alikuwa Mmarekani aliyejulikana kama Goa Gil, aliyefariki mwaka 2023. Huyu hakuficha nia yake. Alisema kuwa anachofanya ni kuirudisha ile sherehe ya kale ya kabila, watu kucheza pamoja mpaka alfajiri, ila kwa vyombo vya kisasa.

Hebu tulia hapo kidogo, msomaji. Sherehe ya kale ya kabila! Mzungu alisafiri kutoka California mpaka Uhindi kutafuta kitu ambacho sisi tunacho hapa tukivuka Mto Athi tu. Ukambani kuna kilumi, ngoma ya akina mama wazee, inayopigwa kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya pepo. Mapigo hurudiwa na kurudiwa, na mchezaji hupandwa. Huko pwani, kwa Wamijikenda, kayamba huchezwa usiku mzima kwa ajili ya mgonjwa. Hakuna umeme na hakuna spika. Kinachomtoa mtu katika nafsi yake ni mapigo yasiyochoka. Basi anayesema muziki wa mashine hauna mizizi, aulize kwanza huo mti umepandwa wapi.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa huku wanalijua kuliko mimi. Mwomboko, ambao leo tunauita mila ya Wagikuyu na kuucheza sikukuu za taifa, ulipata umaarufu katika miaka ya 40. Vijana wa wakati huo walitazama dansi za Wazungu, wakachukua kodiani, kinanda kilichotoka Ulaya, wakakifunga ndoa na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa chuma. Kodiani ni nini kama si mashine? Mashine ya kigeni ya jana imekuwa mila ya leo. Sasa kwa nini mashine ya leo isiwe mila ya kesho?

Nikija kwa shtaka la pili, la uvivu, nawakumbusha walivyosema wahenga: ukiona vyaelea, vimeundwa. Transi ya Goa huenda kwa mapigo kama 145 kwa dakika. Wimbo wa dakika nane basi una mapigo 1,160 ya ngoma kubwa, moja baada ya jingine bila kuruka. Juu ya kila pigo huenda noti nne fupi za besi, yaani noti 580 kila dakika. Juu ya besi hupangwa vinanda vinavyopandiana, mara nyingi kwa mizani ya sauti inayokukumbusha Uhindi na Uarabuni. Mtengenezaji huongeza tabaka moja, husubiri, huongeza jingine, kisha huondoa ngoma ghafla. Wachezaji hubaki hewani. Ngoma ikirudi, uwanja mzima huruka kama mtu mmoja. Kuamua ni lini uondoe na ni lini urudishe si kazi ya mashine. Ni kazi ya sikio, na sikio halinunuliwi dukani.

Hata ile sauti yake maarufu, inayolia kama kitu kinachominywa, ina kisa. Ilitoka kwa kijisanduku kilichoitwa TB-303, kilichoundwa na kampuni ya Roland ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 80 ili kimpigie besi mtu anayecheza gitaa peke yake. Kwa kazi hiyo hakikufaa, hakikuuzika, na kampuni ikaacha kukiunda. Vijana weusi wa Chicago wakakiokota kwa bei ya kutupa, wakaanza kuvizungusha vifundo vyake huku kinacheza, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa wimbo uliobadilisha dansi duniani. Chombo kilichokataliwa kilipata mabwana waliokielewa. Je, huo ni uvivu?

Sasa nifike pale panaponiuma. Transi ya Goa ilipoanza kuleta pesa, kampuni za kuitoa zilikuwa wapi? Dragonfly Records ilianzishwa mwaka 1993, London. TIP Records ilianzishwa mwaka 1994, London vile vile. Wanamuziki waliovuma walikuwa Waingereza kama Simon Posford, aliyetoa albamu ya "Twisted" mwaka 1995 kwa jina la Hallucinogen, na Waisraeli kama kundi la Astral Projection. Na wenyeji wa Goa? Wengi wanaokumbukwa katika masimulizi ya usiku ule ni akina mama waliotandika mikeka mchangani wakawauzia wachezaji chai na keki. Kuuza chai si aibu, hata mama zetu wanasomesha watoto kwa chai. Lakini Goa ilitoa ufuo, ikatoa mwezi, ikatoa hata jina. Nyimbo zikawa za wengine.

Huo ndio mtego ninaouogopa hapa kwetu. Siku moja mgeni atakuja na kinasa sauti, atawarekodi wazee wa mwomboko na akina mama wa kilumi, atakwenda kuwapangia mapigo kwao, na wimbo utaitwa jina la kijiji chetu. Sisi tutaucheza kwa furaha na kuulipia. Ni kweli kwamba Kenya ilipitisha sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Lakini sheria humlinda anayejua alicho nacho. Kitu ambacho hata wewe hukijui, utakidai vipi?

Ukitaka kuona njia nyingine, tazama Dar es Salaam. Katika mitaa ya Tandale, Manzese na Mburahati, vijana wameunda singeli. Mizizi yake iko katika mchiriku, ambao vijana wa uswahilini walikuwa wakiupiga tangu miaka ya 90 kwa vinanda vidogo vya Casio na spika zilizochakaa. Iko pia katika taarabu. Watengenezaji huchukua kipande cha taarabu, hukikata, hukirudia na kukikimbiza mpaka mapigo yavuke 200 kwa dakika, mara nyingine yakaribie 300. Transi ya Goa ikisimama kando ya singeli ni kama mkokoteni kando ya pikipiki! Mwaka 2017 studio ya Sisso ya Mburahati ilitolewa katika albamu ya "Sounds of Sisso" na lebo moja ya Kampala. (Jina la lebo hiyo kwa Kiganda lina maana ya hamu ya ghafla ya kucheza, ila kwa Kiswahili patroni wetu angelifuta kabla wino haujakauka.) Baada ya hapo vijana hao walialikwa kupiga Ulaya. Tofauti na Goa ni moja tu: aliyeshika kompyuta ni mtoto wa mtaa huo huo.

Hata sisi Wakenya tunaye wa kumwiga. Mzee Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu, alifariki mwaka 2018. Mjukuu wake anayeitwa jina lake, na anayejulikana kama KMRU, hurekodi sauti za mahali anapopita na kuzigeuza muziki wa kompyuta. Albamu yake ya "Peel" ilitoka mwaka 2020 na ikasikizwa mbali. Mjukuu huyu huyu ndiye anayezitoa upya nyimbo za babu yake ili zisipotee. Muziki wake si wa kuchezwa, ni wa kusikiza kimya, lakini somo ni lile lile: mashine haikumfanya amsahau babu.

Najua kuna watakaosema, "Muziki huu unaleta dawa za kulevya na ukosefu wa adabu." Sitakwepa. Ni kweli huko Anjuna dawa zilitumika sana na zimeharibu watu. Lakini mama wa kilumi hapandwi kwa dawa, hupandwa kwa ngoma. Anayemeza vidonge ili aisikie ngoma, huyo hajui kusikiza. Wengine watalia juu ya makelele, nao wana haki. Uhindi iliweka kanuni mwaka 2000 kuzima vipaza sauti kuanzia saa nne usiku, na Kenya ina kanuni zake za makelele tangu 2009. Mgonjwa na mtahiniwa wanahitaji kulala. Kwa bahati nzuri, wimbo wa kompyuta hutengenezwa kwa vidude vya masikioni hata paka asiamke.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji harambee.

Kwanza, tujifunze kusikiza. Chukua wimbo mmoja, kaa kitako, uhesabu mapigo. Fuata besi peke yake mpaka mwisho, kisha rudia ukifuata kinanda. Utashangaa ni vitu vingapi vilikuwa vikikupita.

Pili, wakati wa likizo kila mwanachama amwendee mzee mmoja anayejua ngoma ya kwao, amwombe ruhusa, amrekodi kwa simu, aandike jina la mzee, la ngoma na tarehe. Rekodi ibaki kwa jina la mzee. Mzee akienda, hatutaweza kumrudia.

Tatu, maabara ya kompyuta ifunguliwe kwetu Jumamosi mchana. Programu za Audacity na LMMS ni za bure, na zinatosha kabisa kukata sauti na kupanga mapigo. Kwa sasa kompyuta nyingi za shule huchapa barua na kulala. Tumezoea kupeleka nyimbo za kiasili katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na hilo ni jema. Lakini kati ya jukwaa la tamasha na spika ya matatu kuna pengo kubwa. Ngoma ya bibi haiwezi kulivuka peke yake. Sisi ndio wa kuivusha.

Mwacha mila ni mtumwa, nakubali. Lakini hata asiyejua mashine ni mtumwa wa mwenye mashine. Wazee wa mwomboko hawakuchagua kati ya karing'aring'a na kodiani, walishika vyote viwili, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, wakacheza. Kama wao waliweza kwa chombo ambacho hawakufundishwa na mwalimu yeyote, sisi wenye maabara na walimu tuna udhuru gani?

Kwa hayo machache, nakutakia likizo njema. Ukirudi, rudi na rekodi mfukoni.

Wasalaam,
Mwanachama, Chama cha Kiswahili