Godoro Kwanza, Nyumba Baadaye

Sisi watoto wa wavuja jasho tuliojaliwa kupata riziki tumezuka na ugonjwa mmoja: kuwalisha wazee wetu ahadi. Mwulize kijana mwenye mshahara wake Dar es Salaam habari za mama yake kijijini. Atakujibu kwa majigambo, "Namjengea nyumba ya vyumba vitatu, bati la rangi, vigae mpaka barazani." Mwaka wa kwanza, wa tatu, wa tano, kiwanja kimeota magugu, na mama bado analalia godoro lililobonyea hata chaga za kitanda zinamchoma mbavu. Wahenga walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Wangemwona huyu, wangeongeza na mbavu.

Sitapoteza wino kuthibitisha kwamba wazazi wana haki juu yetu. Aliyesoma Kurani anajua kuwa Sura Bani Israil imekataza hata kuwagunia wanapofikia uzee. Aliyesoma Injili ya Marko, sura ya 7, anajua Bwana Yesu alivyowakemea waliowanyima wazazi wao kwa kisingizio kwamba mali imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu. Ikiwa sadaka ya Mungu haikukubaliwa kuwa kisingizio, itakubaliwa nyumba isiyochimbwa hata msingi?

Tuliokulia katika dhiki tunayakumbuka mengi. Tunaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, foleni za sabuni na sukari kwenye maduka ya kaya, na ugali wa yanga, yaani unga wa mahindi ya njano. Chakula kilipokuwa kidogo, mama alitupakulia sisi, kisha akasema, "Kuleni wanangu, mimi nimeshiba." Hakuwa ameshiba. Tulijua, na tukala. Leo ukimpigia simu kumwuliza ana shida gani, anakujibu, "Sina shida, baba, nimeshazoea." Nawe unaamini! Ni uongo ule ule wa jikoni. Mtu aliyekuzwa kwa kauli hiyo ana udhuru gani wa kudanganywa nayo mara ya pili?

Basi usimwulize, mtazame. Ukienda likizo, angalia anavyoishika sindano mbali na uso, kisha akamwita mjukuu amtungie uzi: huyo anataka miwani. Ingia chooni kwake. Utaona mahali ukuta wa udongo ulipolainika na kung'aa kwa kiganja chake, maana ndipo anapojishikilia akiinuka. Magoti hayamwinui tena. Seremala wa papo hapo kijijini atakupigia kiti cha mbao chenye tundu katikati, na mzee atapumua. Wa Njombe na Lushoto mpelekee blanketi zito, wa Kilombero chandarua kisichotoboka. Baba mpatie redio na betri za akiba. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Serikali ya Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwaka 2016, ilimpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi. Wako waliocheka. Lakini bibi alikuwa na hakika ya sukari yake kila mwezi, na Serikali haikungoja kwanza itajirike. Je, wewe uliyenyonya ziwa la mama yako?

Wala sisemi kwamba sisi ni wachoyo. Hasha! Mzee akifa ndipo utauona ukarimu wetu: jeneza la kung'aa, sare za kitenge, mabasi ya kukodi, kaburi la vigae. Wengine hitima ya ng'ombe wawili kwa mtu ambaye hakuonja nyama tangu Idi. Maiti analazwa pororo, aliye hai alilala juu ya chaga. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu haleleki.

Na hapa sina budi kutaja jingine linalonikera. Siku hizi wako waungwana wasioweza kumpelekea mama kilo tano za mchele bila kuwasha kamera ya simu. "Mama, tazama huku! Mama, shukuru!" Kikongwe aliyefua khanga ulizokojolea asimwambie jirani, leo unamliza hadharani ili wewe upigiwe makofi mtandaoni. Yeye alikusitiri, nawe msitiri. Zawadi ya mzazi hupelekwa usiku, mlango umefungwa.

Najua msomaji wangu ni mwungwana, na wengi wenu mnatenda zaidi ya niliyoyataja. Hao Mungu awazidishie. Ninayemsema anajijua. Mwenye kujenga na ajenge, simzuii. Ila mshahara wa mwezi huu ukiingia, kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, mpelekee mama godoro.