Besdei za Marekani tunazo, tarehe za kwetu ziko wapi?

Leo nina donge. Acheni nilitoe.

Jana usiku umeme ulikatika hosteli, tukaanzisha chemsha bongo gizani. Jamaa akauliza: nani alizaliwa Juni 16? Chumba kizima: TUPAC! Na mwaka wakautaja, 1971. Sawa kabisa. Zamu yangu nikauliza: Siti binti Saad alifariki lini? Kimyaaa. Mmoja akasema, "Kwani huyo si wa kwenye vitabu?" Na sisi ndio walimu watarajiwa jamani! Wengine mle ndani wanasoma Kiswahili, na wasifu wake alioandika Shaaban Robert wanaujua kwa jina.

Haya, chukueni: Julai 8, 1950. Na mwaka 1928 mama huyo alivuka bahari hadi Bombay na wenzake, wakarekodi santuri kwa Kiswahili. Hiyo si ya kukumbuka?

Sijasema Tupac asisherehekewe. Mimi mwenyewe Februari 6 haipiti bila Bob Marley. Ninachopinga ni uvivu. Mtangazaji anachukua orodha ya "leo katika historia ya muziki" waliyojiandikia Wamarekani na Waingereza, anaisoma kama ilivyo, na sisi tunaimeza. Wao hawana kosa, wameandika ya kwao. Ya kwetu tulitaka aandike nani?

Najua mtanijibu: wazee wetu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Kweli, hata Bi Kidude mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa uhakika. Basi acheni besdei! Shikeni siku walizotuaga. Bi Kidude, Aprili 17, 2013. Ngwair, Mei 28 mwaka huohuo. Remmy Ongala, Desemba 13, 2010. Franco, Oktoba 12, 1989. Hapo cheti cha kuzaliwa kinahusu nini?

Mwingine atasema tarehe ni mambo ya keki na mishumaa tu. Ndugu yangu, tazama Malaika. Fadhili William aliurekodi Kenya, Miriam Makeba akautembeza duniani, Boney M nao wakauimba. Ila mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga, maana Adam Salim naye alidai ni wake. Kungekuwa na daftari moja tu la zamani, limeandikwa nani kauimba wapi na tarehe ngapi, ubishi ungekuwa mfupi na hela ingejua mlango wa kugonga. Tarehe ni risiti. Asiye na risiti hadai kitu.

Kwa hiyo mimi nimeanza. Bumu lilipoingia nilinunua kauntabuku, kila mwezi nimeupa kurasa zake. Nikienda mazoezi ya kufundisha, wanafunzi wangu watapewa kazi ya nyumbani: kamuulize bibi harusi yake ilipigwa muziki na bendi gani, mwaka gani. Waandike kabla bibi hajaondoka nayo.

Na wewe unayesoma hapa, kwenu kuna mzee aliyepiga gitaa, zumari au ngoma. Kamuulize alianza lini, uandike. Halafu rudi tushindane tena gizani, tuone nani atanyamaza.

Naomba kuwasilisha.