Barua pepe: kopi ya akiba isingojee mwezi wa kumi

Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi 2026, Microsoft itaanza kufunga EWS katika Exchange Online. EWS ni mlango wa tangu 2007 ambao programu nyingi za akiba hupitia ili kunakili barua pepe. Mlango mpya ni Microsoft Graph.

Kampuni ya Lubumbashi ao shirika la Goma lenye kutumia huduma hiyo lisilale. Programu isiyobadilishwa itaacha kunakili, na wakubwa watashituka siku mkataba ao fakitire inatafutwa na haionekani. Mwenye kusimamia kompyuta amuulize muuzaji leo: mumekwisha kuhamia Graph? Kisha ajaribu kurudisha barua moja. Akiba isiyojaribiwa ni gala yenye kufuli, bila mahindi ndani.