Tumewapa Fomula, Tukawanyang'anya Maneno

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza swali lisilohitaji kikokotoo. Jiwe limerushwa wima kwenda juu. Linapofika kileleni, kabla ya kuanza kushuka, mchapuko wake ni kiasi gani? Wengi hujibu: sifuri. Ni vijana hawahawa waliokokotoa kimo cha jiwe kama hilo mara nyingi wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, na wakafaulu. Jibu ni mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini, kileleni kama popote pengine njiani. Kilichofikia sifuri ni mwendo. Kama mchapuko nao ungekuwa sifuri, jiwe lingebaki limening'inia angani.

Nikiwataka waeleze kwa Kiswahili, ndipo kiini kinapofichuka. Husema jiwe "limeishiwa nguvu". Yaani mkono ulilipa jiwe akiba ya nguvu, nayo ikatumika njiani hadi ikakauka. Hiyo ni fizikia iliyoaminiwa na wasomi kwa karne nyingi kabla ya Newton, wala si upumbavu. Ndivyo lugha yetu ya kila siku inavyosema. Neno "nguvu" limebebeshwa kani na nishati kwa pamoja. Mwalimu angeisikia sentensi ile kidato cha pili, angeikamata palepale. Hakuisikia, kwa sababu Kiswahili hakikuruhusiwa darasani, na Kiingereza cha mwanafunzi hakikutosha kusema alichokuwa akifikiri. Akabakiwa na njia moja ya kunyamaza kwa heshima: kuandika fomula.

Nasi tunamtuza kwa ukimya huo. Orodhesha ulichopewa, andika fomula, ingiza tarakimu, weka kizio, pokea alama. Chaji mbili za kulombi moja moja, zikiwa umbali wa mita moja, husukumana kwa kani ya takriban nyutoni bilioni 9. Mwanafunzi huliandika jibu hilo, hulipigia mstari mara mbili, kisha huenda swali linalofuata. Hashtuki kwamba hiyo ni sawa na uzito wa tani laki tisa hivi. Atashtuka vipi, iwapo hakuna aliyewahi kumuuliza namba ile inasema nini?

Wasomaji wangu walio serikalini wasidhani haya ni ya maabara tu. Basi la mwendo wa kilomita 50 kwa saa, likipunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, husimama ndani ya mita 19 hivi. Likiwa katika kilomita 100, huhitaji mita 77, na bado sijahesabu muda wa dereva kushtuka. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Maelfu ya wahitimu wetu wanaweza kukokotoa hilo. Ni wangapi wanaoweza kumweleza dereva kwa sentensi mbili akawaelewa?

Nitaambiwa, kama kawaida, kwamba Kiingereza ndicho lugha ya sayansi. Galileo aliuacha Kilatini cha wasomi, akaandika kitabu chake cha mwaka 1632 kuhusu mwendo wa dunia kwa Kiitaliano, watu wa kwao wapate kubishana naye. Sisi Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Nendeni darasa lolote la fizikia la sekondari ya serikali mkasikilize kinachotumika.

Wala si lazima tusubiri sera nyingine. Watunga mitihani wanaweza kutenga alama mbili kati ya tano kwa mchoro wa kani na sentensi mbili za maelezo, kwa Kiswahili au Kiingereza, kabla fomula haijaandikwa. Wapo watakaosema usahihishaji utachukua muda mrefu zaidi. Utachukua, na wasahihishaji walipwe kwa muda huo.