Mchakamchaka, Mifupa na Mbio za Kilomita Tano

Ni nadra siku hizi mwezi kupita bila mojawapo ya miji ya Tanzania kutangaza mbio za barabarani za hisani. Pamoja na mbio ndefu za wanariadha, aghalabu huwekwa mbio fupi za kilomita 5 kwa ajili ya wananchi wa kawaida: karani, mwalimu, mwenye duka, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wengi wao hujiandikisha wiki moja kabla ya siku yenyewe. Alfajiri ya siku hiyo huvaa fulana mpya, huanza kwa kasi ya kumfukuza mwizi, na kabla ya kufika kilomita ya pili huwa wameshika viuno kando ya barabara. Wamalizao humaliza kwa kuchechemea. Mwaka ufuatao hawaonekani tena, nao huwaambia jirani zao kwamba mbio ni kipaji cha kuzaliwa nacho.

Kauli hiyo hukubaliwa upesi mno, hata na walimu. Ukweli ni kwamba karibu kila mtu mwenye afya ya kawaida aweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, iwapo atapewa miezi mitatu na watu wa kukimbia nao. Kinachokosekana si kipaji bali ni matayarisho yafuatayo tabia ya mwili. Matayarisho hayo yana kanuni mbili ambazo vikundi vingi vya mbio, shuleni na mitaani, huzivunja pasipo kujua. Ya kwanza ni kwamba mwendo wa kikundi huwekwa na aliye nyuma. Ya pili ni kwamba urefu wa matayarisho hupimwa kwa mifupa, si kwa pumzi.

Kanuni ya kwanza ilipata umaarufu wake New Zealand. Arthur Lydiard, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu mjini Auckland, alijifunza ukufunzi kwa kuujaribu mwili wake mwenyewe barabarani kwa miaka mingi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, wanafunzi wake Peter Snell na Murray Halberg walitwaa medali za dhahabu, mmoja katika mita 800 na mwingine katika mita 5,000. Lakini yamkini kazi yake yenye manufaa makubwa zaidi ni ile aliyoifanya baadaye, alipowakusanya watu wazima wasio wanariadha, baadhi yao wanene na wengine waliokwisha kuugua moyo, akawafundisha kukimbia polepole kwa pamoja. Agizo lilikuwa moja: wakimbie kwa mwendo unaowaruhusu kuzungumza. Mwishoni mwa mwaka 1962 alitembelewa na Bill Bowerman, mkufunzi wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliyealikwa kukimbia na kikundi hicho. Bowerman alikuwa na umri wa miaka 51 na alijiona mkakamavu. Aliachwa nyuma, na aliyebaki kumsindikiza alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Aliporudi kwao alianzisha kikundi cha namna hiyo katika mji wa Eugene, na mwaka 1967, akishirikiana na daktari wa moyo W. E. Harris, alitoa kitabu kilichosaidia kueneza mbio za pole nchini Marekani.

Watanzania huikumbuka New Zealand kwa sababu nyingine. Ni huko, katika mji wa Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, ambako Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa kuwatangulia wenzake tangu mlio wa bastola hadi utepe. Ushujaa huo wastahili kusherehekewa daima. Walakini ule ulikuwa mtindo wa bingwa, na ni bahati mbaya kwamba ndio unaoigwa na kila anayeanza mbio za hisani.

Kwa nini mazungumzo yawe kipimo? Mtu aliyetulia huvuta kiasi cha lita 6 za hewa kwa dakika. Akifanya kazi nzito sana aweza kupita lita 100. Maneno nayo hutamkwa kwa pumzi itokayo. Maadamu misuli yapata oksijeni ya kutosha kuunguza mafuta na glukosi, pumzi huwa na nafasi ya kubeba sentensi nzima. Mwendo ukizidi kiasi fulani, misuli hutegemea zaidi uvunjaji wa glukosi usiotumia oksijeni, asidi huongezeka katika damu, ubongo huyaamuru mapafu yaharakishe, na sentensi hukatika katikati. (Walimu wa baiolojia watafanya vyema kuacha kufundisha kwamba asidi laktiki ndiyo iletayo maumivu ya misuli siku ya pili. Lakteti huondoka katika misuli muda mfupi baada ya mbio, na sehemu yake hutumiwa na moyo kama chakula. Maumivu ya kesho yake hutokana na michubuko midogo katika nyuzi za misuli.) Mwendo wa chini ya kiwango hicho si wa uvivu hata kidogo. Mwaka 1967 mwanasayansi John Holloszy wa Marekani aliwazoeza panya kukimbia katika mkanda wa mashine, akaona kwamba uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni uliongezeka karibu mara mbili. Badiliko hilo huja kwa kurudia kazi siku baada ya siku, nalo ndilo limfanyalo mtu akimbie mbali bila kuhema.

Hapa ndipo shule za Tanzania zinapokuwa na hazina zisiyoitambua. Mchakamchaka, ulioingia shuleni kutokana na desturi za kijeshi, huendeshwa kwa wimbo: mmoja huongoza, wengine huitikia. Wimbo ni kipimo kikali zaidi ya mazungumzo, kwa kuwa hudai pumzi ndefu na hauruhusu mwimbaji kuchagua mahali pa kupumzika. Aimbaye hawezi kuwa amezidi uwezo wake. Kikundi kikiitikia kwa sauti moja, kila aliyemo yumo katika mwendo unaomjenga. Tatizo ni kwamba sikio la kiongozi kwa kawaida halielekezwi nyuma. Kiongozi wa wimbo huchaguliwa miongoni mwa wenye nguvu, hukaa mbele, na hufurahia sauti za walio karibu naye, hali wale wa mwisho wamekwisha nyamaza kitambo. Kunyamaza kwao ndiyo habari muhimu kuliko zote, lakini mara nyingi hujibiwa kwa fimbo ya kiranja. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam, ambavyo huimba barabarani asubuhi za Jumapili, vimeirithi hazina hiyo, na kasoro yake pia.

Ubaya zaidi ni kufanya mbio ziwe adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa huamriwa kuuzunguka uwanja mara kumi. Mwalimu huyohuyo, mwezi wa pili, huwahimiza wanafunzi wapende michezo kwa sababu hujenga afya. Mtoto hujifunza kutoka kwa lile la kwanza.

Kanuni ya pili ni ngumu kuelezwa kwa sababu haionekani wala haisikiki. Mtu aanzapo mazoezi, damu yake huongezeka maji katika siku chache tu, na kila pigo la moyo husukuma damu nyingi zaidi. Baada ya wiki tatu au nne hujisikia mwepesi. Hapo ndipo mtego ulipo, maana mifupa na kano, yaani nyuzi ngumu ziungazo misuli na mifupa, hubadilika kwa taratibu nyingine kabisa. Mguu unapotua wakati wa kukimbia, ardhi huusukuma kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama kilo 120 hadi 180, na katika kilomita 5 hatua hizo hufikia 5,000 au zaidi. Mfupa hauvumilii tu mzigo huo, bali hujijenga upya kwa ajili yake. Lakini ujenzi wake huanza kwa kubomoa: seli za aina moja huumung'unya mfupa wa zamani kwa wiki kadhaa, ndipo seli za aina nyingine huyajaza mashimo hayo kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kwa hiyo katika majuma ya kwanza, mahali palipozidishiwa kazi paweza kuwa dhaifu kuliko palivyokuwa kabla ya mazoezi, wakati ambapo mapafu yanamwambia mwenyewe aongeze mwendo.

Majeshi yalikuwa ya kwanza kulipa gharama ya kutojua jambo hili. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza kuhusu askari waliovimba nyayo na kupata maumivu kwa sababu ya kupiga hatua mwendo mrefu. Sababu yake haikuthibitika mpaka baada ya eksirei kuvumbuliwa mwaka 1895, ilipoonekana kwamba mifupa ya nyayo ilikuwa imepasuka. Hakuna aliyewapiga wala kuwaangusha. Ilikuwa kazi ya hatua nyingi mno katika siku chache mno. Mwanafunzi anayelalamika kwamba muundi wamuuma kila akikimbia, na kwamba akibonyeza mahali pamoja maumivu huzidi, asiitwe mtegeaji. Apumzishwe, akapimwe.

Mpango unaofahamika zaidi kwa wanaoanza ulitungwa na Mmarekani Josh Clark mwaka 1996. Humtoa mtu kwenye kochi na kumfikisha kilomita 5 kwa wiki 9, siku tatu kila wiki. Katika wiki ya kwanza hukimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, akirudia hivyo kwa dakika 20. Mwishoni hukimbia dakika 30 mfululizo. Ubora wake ni kuuheshimu mwendo wa kutembea, ambao kijana wa Kitanzania huuona kuwa ni aibu. Upungufu wake ni kwamba wiki 9 zatosha kwa moyo, lakini ni chache kwa mfupa wa mtu aliyekaa miaka kumi bila kukimbia. Kikundi chenye busara kitazifanya ziwe 12, na kila wiki ya nne itapunguziwa kazi. Mwenye pumu, selimundu, maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya wiki ya kwanza, na kiongozi wa kikundi ajue hali yake.

Joto nalo lina hesabu yake. Kukimbia humgharimu mtu karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili katika kila kilomita; kwa mtu wa kilo 60, kilomita 5 ni kilokalori 300, na sehemu kubwa yake hugeuka joto. Jasho huupoza mwili linapogeuka mvuke, si linapodondoka. Katika unyevu wa Dar es Salaam au Tanga mwezi Machi jasho hudondoka tu, na mkimbiaji wa pwani ana haki ya kwenda polepole kuliko mwenzake wa Iringa.

Wapo wasemao kwamba kumfuata wa nyuma kutawachosha wenye kasi kwa uvivu. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni rahisi, nayo yaweza kufanywa na shule yoyote yenye barabara iliyonyooka na isiyo na magari mengi, saa moja na filimbi mbili tatu zipulizwazo kwa pamoja. Wote huanza mahali pamoja na kwenda kwa dakika 10, kila mmoja kwa mwendo unaomruhusu kuimba au kuzungumza. Filimbi ikilia wote hugeuka walipo na kurudi. Kwa kuwa kila mmoja amekwenda kwa muda sawa, akidumisha mwendo wake atarudi kwa muda sawa, hata kama mmoja amefika mita 1,800 na mwingine mita 900. Wakati wa kurudi, walio nyuma ndio wanaotangulia, na wenye kasi huwafikia karibu na lango la shule. Atakayefika mapema mno amekwenda polepole wakati wa kwenda. Atakayechelewa alianza kwa kasi isiyo yake. Mwalimu wa hisabati aweza kuiandika ubaoni asubuhi hiyohiyo, kabla jasho halijakauka.